Pandapanda ya Kwezi

Nchi ya Kwezi ni tambarare kama sinia, na hilo si kosa la Serikali. Ukisimama juu ya kiti katikati ya mji mkuu unauona mpaka wa kaskazini, na ukiweka ndoo juu ya kiti unawaona askari wa nchi jirani wakianua nguo zao. Milima iligawiwa siku ambayo sisi hatukuitwa. Serikali haikulalamika. Ilianza kupanda bila mlima, na imepanda kwa miaka ishirini na mitatu mfululizo.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza anayopewa mgeni akifika. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo ulipanda, wa Pili ukaupita wa Kwanza, wa Tatu ukaupita wa Pili, na wa Nne, ambao ndio tunaoishi ndani yake, uko juu kiasi kwamba wananchi wengi bado hawajauona. Kiongozi wetu anaitwa Baba wa Kilele. Neno "kushuka" liliondolewa katika vitabu vya shule mwaka wa tisa, pamoja na ndugu zake "kuteremka" na "kupungua". Mvua ya Kwezi haishuki, huwasili. Abiria akifika kituoni humwambia kondakta, "Nahitimu hapa." Homa ya mgonjwa ikitulia, daktari huandika kwamba afya imepanda, na mgonjwa hana la kuongeza.

Sasa, Baba wa Kilele alialikwa ng'ambo, na wenyeji wake, baada ya kuishiwa viwanda vya kumwonyesha, wakampeleka kwenye bustani ya burudani. Huko alipandishwa treni ndogo isiyo na paa, akafungwa chuma mapajani, akakokotwa mpaka juu ya kilima cha mbao na vyuma, kisha akaachiwa. Wasaidizi wake waliobaki chini walisikia sauti ambayo hawakuwahi kuisikia katika hotuba zake. Alirudi bila kofia, midomo imekauka. Akasema maneno matatu: "Na sisi tujenge."

Kamati ya Historia iliundwa kabla ndege haijatua. Ilisoma miezi minne na kugundua kwamba mchezo huo ulianza katika nchi ya baridi, ambako watu walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yagande, wakaketi juu ya vipande vya barafu na kuteleza. Wengine, ambao hawakuwa na barafu, wakaongeza magurudumu. Wengine wakaona mabehewa ya makaa ya mawe yakitoka mlimani yenyewe bila injini, wakaomba kupanda, wakauziwa tiketi. Baadaye ukaja mnyororo wa kukokota, yakaja magurudumu ya chini yanayoikamata reli ili behewa lisiruke, na vikaja vidole vya chuma vinavyozuia treni isirudi nyuma. Kila hatua, Kamati iliandika, ilitanguliwa na watu kadhaa kuumia. Baada ya kuyapima hayo yote kwa uadilifu, Kamati ilihitimisha kwamba mchezo huo uliasisiwa Kwezi na mababu zetu, waliokuwa wakiteleza juu ya magome ya migomba. Walikuwa wakiteleza kutoka wapi, katika nchi isiyo na hata kichuguu cha maana, hakuna aliyeuliza.

Wananchi waliposikia habari za treni hiyo waliiita Pandashuka. Jina hilo liliishi siku mbili. La kisheria ni Pandapanda.

*

Kondo Bwanga aliitwa Wizara ya Furaha siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, fundi breki wa reli kwa miaka thelathini na minne, mpaka reli ilipofikia ukamilifu na kusimama. Alikuwa mtu mpole, mwenye sikio lililoweza kusikia nati iliyolegea mabehewa sita mbele. Tangu astaafu alikuwa akikarabati baiskeli za majirani na kumpikia chai binti yake Sikitu, mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa mtoto wake wa pekee.

"Shikamoo, mzee," alisema Waziri wa Furaha, Mheshimiwa Teofili Magwaya, kwani alilelewa vizuri.

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Karibu. Unaiona hii ramani?"

Kondo akaiona. Ilikuwa na vilima vinne, kimoja kwa kila Mpango wa Maendeleo, na kila kimoja kilikipita cha nyuma yake: mita thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Kisha akaona kitu kingine. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilining'inia koti la kijivu, na miwani ikichungulia kwenye mfuko wa kifua.

"Koti la nani hili, Mheshimiwa?"

"La Mhandisi Lubuva. Ndiye aliyeanza mradi. Amekwenda masomo ya juu."

"Nchi gani?"

"Ya juu," alisema Waziri, akatabasamu, na tabasamu hilo likakaa usoni pake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kondo akairudia ramani taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Treni hii haikuwa na injini. Mnyororo ungeikokota mpaka juu ya kilima cha kwanza, na kuanzia hapo ingekwenda kwa uzito wake tu, huku ikipoteza nguvu kidogo kidogo kwa kusuguana na reli na upepo. Kwa hiyo kilima cha pili lazima kiwe kifupi kuliko cha kwanza, na cha tatu kifupi kuliko cha pili. La sivyo treni itapanda nusu, itasita, na kurudi kinyumenyume pamoja na watu wake. Mwanafunzi wa gereji angeliona jambo hilo. Lubuva aliliona na kulitamka. Kondo aliligeuzageuza mdomoni, akalitazama lile koti, akalimeza.

"Naomba kuuliza. Vilima vikishajengwa vitapimwa na nani?"

"Na Idara ya Vipimo."

"Kwa fimbo gani ya kupimia?"

Waziri alifungua faili, akapitisha kidole. "Hapa wameandika: fimbo zitatolewa na fundi mkuu wa mradi."

"Fundi mkuu ni nani?"

"Ni wewe, mzee wangu, kama umekubali."

Kondo akakubali, na njiani kurudi nyumbani akanunua mbao nne nyembamba na msumeno.

*

Alijenga vilima kama Mungu alivyoviruhusu. Cha kwanza mita thelathini za haki, cha pili ishirini na tano, cha tatu ishirini, cha nne kumi na tano. Kisha akatengeneza fimbo nne, kila moja imeandikwa MITA kwa rangi nyekundu. Fimbo ya kilima cha kwanza ilikuwa mita kamili. Ya pili ilikuwa fupi, ya tatu fupi zaidi, na ya nne ilikuwa robo ya mita, urefu wa mwiko wa kusongea ugali. Idara ya Vipimo ikapanda na fimbo hizo, ikahesabu kwa sauti, ikapata thelathini, arobaini, hamsini na sitini, sawasawa na ramani.

Kila mtu aliona kwamba vilima vinakwenda vikipungua. Lakini Kwezi jicho si kipimo kilichosajiliwa. Isitoshe, jukwaa la Baba wa Kilele liliwekwa chini kabisa ya kilima cha nne, mahali treni inapoishia, na ukiwa pale kilima hicho kinaziba hata jua. Baba wa Kilele alikitazama, akasema kwamba hakuwahi kuuona Mpango wa Nne kwa ukaribu kiasi hicho.

Treni ikajaribiwa kwa viroba vya mchanga, kwa sababu ndivyo ulimwengu mzima unavyofanya. Ilipanda kwa mnyororo, tak, tak, tak, vile vidole vya chuma chini ya mabehewa vikidondokea meno ya reli moja baada ya lingine. Ikaanguka, ikapaa, ikaanguka, ikapaa, ikaingia kwenye breki ndefu ya mita thelathini na mbili na kutulia kama ng'ombe aliyefika zizini. Kondo akavigusa viroba. Vyote ishirini na vinne vilikuwa mahali pake. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Sikitu alimsikiliza akisimulia habari za fimbo, akacheka mpaka akaweka daftari chini. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, hizo fimbo ziko wapi sasa?"

"Wamezichukua Idara. Wamesema nzuri."

"Umewapa watu wale kipimo kinachowapa jibu wanalolitaka, halafu umekiacha mikononi mwao."

"Nimeokoa watu, mwanangu."

"Sikatai. Nauliza watapimia nini kingine."

Kondo akamimina chai. Swali hilo lilimuudhi, maana siku ile alitaka kusifiwa.

*

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa jina la Sheria ya Vipimo vya Kilele. Sheria ilisema kwamba kwa kuwa Mita ya Nne ndiyo iliyopima kilele cha juu kuliko vyote, ndiyo mita ya juu kuliko zote, na itatumika kwa vitu vyote vya umma.

Matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo. Shamba la ekari moja likawa pana ajabu bila kulimwa, na mavuno yakakadiriwa kwa upana huo. Maghala yalijaa kwenye ripoti mpaka Wizara ya Chakula ikaagiza karatasi zaidi. Waziri Magwaya akafikisha urefu wa mita sita na nusu na kulazimika kuagiza kitambulisho kipya. Ramani ya nchi ilichorwa upya, na wale askari wa jirani wakaacha kuanua nguo wakaanza kuchimba mahandaki.

Palikuwa na mambo madogo. Kamba za visima zilizogawiwa na Serikali hazikufika majini, na wanawake walisimama ukingoni wakisikiliza ndoo ikigonga kuta. Daraja jipya la mashariki liliishia kabla ya kufika ng'ambo. Lilizinduliwa hivyo hivyo kwa utepe na tarumbeta, na magari matatu yalizinduliwa nalo.

Kondo alisikia habari za daraja redioni, kwenye kipindi cha mafanikio. Akasukuma sahani yake mbali. Siku nzima alijiambia atakwenda Wizarani kueleza kwamba Mita ya Nne ni kipande cha mbao alichokikata mwenyewe uani, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Alivaa kanzu mara mbili. Mara zote mbili alilikumbuka koti la kijivu, akavua. Aliona haya, tena haya ya kweli, na hakumwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata ilikuja barua yenye nembo. Mwalimu Sikitu Bwanga ameteuliwa kuwa miongoni mwa Abiria wa Heshima ishirini na wanne watakaopanda Pandapanda siku ya uzinduzi, kiti cha mbele. Chini yake Waziri aliongeza kwa mkono wake: *Fundi anayeiamini kazi yake hafichi mwanawe.*

"Nikatae?" aliuliza Sikitu.

"Nani amewahi kukataa?"

Sikitu akaikunja barua. "Breki zako ni nzuri lakini?"

"Breki zangu," alisema Kondo, "nitakuapia hata mbele ya kaburi la mama yako."

*

Asubuhi ya uzinduzi, saa mbili, bendi ikijaribu matarumbeta, Kondo alitembea kando ya reli kwa miguu, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na minne. Kilima cha kwanza salama. Cha pili, cha tatu, cha nne. Akafika kwenye breki, akaanza kuhesabu hatua. Alipofika kumi breki ikaisha.

Akadhani amekosea. Akarudi, akahesabu tena. Vyuma vya breki vilikuwa vimekatwa, vipya kabisa, kingo zake bado zinang'aa. Mita nane za haki zilibaki kati ya thelathini na mbili. Mbele yake palikuwa na nyasi kidogo, na mbele ya nyasi jukwaa lenye zulia jekundu.

Kando ya reli alisimama Bi Fatna Chambuso, mkaguzi kutoka Idara ya Vipimo, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza, anaandika.

"Shikamoo mzee. Umeona tulivyokusaidia?"

"Nani amekata breki?"

"Sisi, juzi. Ramani inasema mita thelathini na mbili. Tulipopima kwa Mita ya Nne tukakuta mia moja ishirini na nane. Tukasema mzee wa watu amepitiwa, tusimfikishe mbali. Tumeiondoa ile ziada kimya kimya."

Kondo akaigeukia treni. "Mmegusa nini kingine?"

"Vile vidole chini ya treni tu. Vilikuwa vinene mara nne ya ramani. Tumevisaga mpaka vikafika sentimita nne za kisheria."

Sentimita moja, basi. Unene wa kidole chake cha mwisho.

"Bi Fatna, mwanangu, nisikilize. Treni hii ikifika hapa haitasimama. Itapita na watu wake, ikaingie pale." Akaonyesha jukwaa. "Rudisheni vyuma vyangu. Au msiwapandishe watu leo. Pandisheni viroba."

Bi Fatna alimtazama kwa huruma, kisha akafungua ukurasa mpya. "Unasema breki haitoshi?"

"Haitoshi."

"Kwa hiyo unasema mita thelathini na mbili si thelathini na mbili. Yaani Mita ya Nne si mita. Yaani kilima cha nne..." Aliinua kalamu. "Nataka niyaandike kama unavyoyasema mwenyewe, mzee. Malizia tu."

Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Ving'ora vya msafara vilikuwa vimeshasikika barabarani, na Kondo hakumalizia.

*

Hotuba ya Baba wa Kilele ilichukua saa mbili na robo. Alisema kwamba mataifa mengine yalijenga treni hizi ili wapige makelele, sisi tumejenga ili tuone mbali. Alisema kwamba mtu akipanda Kwezi, amepanda. Umati ukajibu "Juu!" kama ilivyo desturi, na Baba akamalizia "Juu zaidi!"

Kondo alikuwa kwenye kibanda cha mwendeshaji, mkono juu ya wenzo wa mnyororo. Kutoka pale alimwona Sikitu kiti cha mbele, kitenge cha bluu, mikono imeshika chuma cha mapajani. Hakupunga mkono. Alimtazama baba yake moja kwa moja, na akajua. Kondo aliona kwamba amejua.

Treni ikaondoka. Tak, tak, tak. Wazee wa reli husema chuma hakina siri, na Kondo alisikia jinsi vidole vile vilivyosagwa vinavyolia vyembamba, kama vijiko. Watu ishirini na wanne walipanda polepole, nyuso zimeelekea mawinguni. Mita kumi. Mita ishirini. Wakishapita kilele hakuna tena mnyororo, hakuna wenzo, kuna uzito wao tu na zile hatua kumi za breki.

Ilipobaki urefu wa behewa moja kufika kileleni, Kondo akauvuta wenzo na kuuvunja.

Treni ikasita, ikarudi nyuma kidogo. Vidole vikaangukia meno ya reli, tak, vikashika. Bendi ilinyamaza ala moja moja, ngoma kubwa ya mwisho. Watu elfu arobaini walimsikia mtoto akiomba maji.

Waziri Magwaya alifika kibandani bila kukimbia, maana mawaziri wetu hawakimbii. Akafunga mlango.

Kondo akasema yote. Fimbo, msumeno, uani, breki, vidole, na kwamba kilima cha nne ndicho kifupi kuliko vyote na mtoto yeyote anaona. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetapika, na alipomaliza alijisikia mwepesi.

"Nilikuwa darasa moja na Lubuva," alisema Waziri. "Fizikia alinifundisha yeye. Yote haya nayajua, mzee wangu, tangu siku ile ulipouliza habari za fimbo."

"Basi wateremsheni. Ngazi ya mafundi ipo pembeni. Nusu saa tu."

"Wateremke." Waziri alilitamka polepole, kama mtu anayeonja chakula cha utotoni. "Mbele ya Baba. Kutoka kileleni. Watu ishirini na wanne, mmoja mmoja, wanaonekana." Akajifuta uso kwa leso. "Nani atamwambia? Wewe? Mimi?"

Akatoka, akachukua kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa imara.

"Ndugu wananchi, Abiria wa Heshima wamefika. Mataifa mengine treni zao hupanda zikaanguka. Ya kwetu imepanda, ikakaa. Kuanzia leo hao ni Wakazi wa Kilele, watakula kwa gharama ya taifa."

"Juu!" umati ukajibu.

Baba wa Kilele alisimama na kupiga makofi. Kabla ya adhuhuri kibao kilikuwa kimepigiliwa chini ya ngazi ya mafundi: KUPANDA TU. Askari wawili waliwekwa kulinda maana yake.

*

Kondo alirudi alasiri na mfuko wa vifaa: nyundo, kabari mbili za mti mgumu, waya. Askari walimsomea kibao kwa sauti.

"Nimeona," alisema. "Napanda."

"Umeelewa lakini, baba?"

"Nimeelewa."

Wakampisha, na mmoja, kijana wa watu, akamshika kiwiko kwenye vidato vya kwanza. Kondo alipanda mita thelathini za haki, magoti yakimlaumu kila hatua. Juu alimkuta Sikitu amewapanga abiria wakae bila kutikisika, kama darasa lake la nne. Alimwangalia baba yake, akataka kumgombeza, akashindwa, akalia begani pake. Kondo naye akalia. Kisha akalala kifudifudi chini ya behewa na kupigilia kabari pale vidole vilipoliuma jino la reli.

"Zitashika?" aliuliza Sikitu.

"Kwa watu hawa, zitashika."

"Siku ngapi?"

"Wasiongezeke tu."

Serikali ilitimiza ahadi yake. Kila siku saa saba pilau ilipandishwa kwa kamba ndani ya sufuria kubwa, kamera ikifuata, na harufu yake ikasambaa juu ya mji. Ilikuwa pilau ya kweli, yenye nyama, imepimwa kwa kilo za zamani ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Mji ulioinusa ulikuwa unangojea mavuno kutoka maghala yaliyojaa kwenye karatasi. Mwezi wa kwanza watu walikuja kutazama. Mwezi wa pili walikuja na masufuria matupu. Mwezi wa tatu mwanamke mmoja alikiendea kile kibao, akawaonyesha askari kwamba kinaruhusu, akapanda na watoto wake watatu.

Amri ya pilau ilikuwa wazi: anapewa aliyeketi ndani ya treni, nje ya treni hapewi mtu. Wakaketi. Kondo alisikia kabari ikitoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate.

Siku ya pili walipanda kumi na mmoja. Ya tatu foleni ilizunguka bustani, ikapita kilima cha nne, ikapita jukwaa, ikaishia sokoni. Kondo alisimama juu ya ngazi akawaambia kila kitu, kwa sauti, bila kuficha neno. Aliwaambia vidole vimesagwa. Aliwaambia kabari ni za mti. Alitamka mpaka maneno yaliyokatazwa, yote matatu.

Walimsikia vizuri. Aliyekuwa mbele, mwanamume mwenye shati safi na mashavu yaliyobonyea, mkewe nyuma yake kabeba mtoto, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Mzee wangu, mchana umekula?"

Kondo akajifuta mdomo.

"Umekula. Na kesho utakula. Halafu ndiyo unatuambia hapa pabaya." Hakusema kwa hasira. "Tupishe, baba."

Akapita. Mkewe akapita, kisha wengine nyuma yao. Kondo akarudi kulala kifudifudi chini ya behewa la mbele, akaushika ule mti kwa mikono miwili kana kwamba mikono yake ilikuwa na kazi ya kufanya pale. Kabari ilikuwa imepasuka katikati, ufa mwembamba, na ulikuwa unatembea. Juu yake, kwenye kiti cha mbele, alimsikia Sikitu akivuta pumzi, na yule mwanamume akimwomba radhi kwa usumbufu.

"Samahani, mwalimu. Sogeeni kidogo huko, tukae."

Wakasogea.